Vishindo vya Kapteni Kvisle

Kila Alhamisi asubuhi Kapteni Audun Kvisle alifika kazini mara mbili.

Mara ya kwanza vilifika vishindo peke yake. Mlango wa mwisho wa ukumbi ulilia bawaba, magurudumu ya begi yakakwaruza sakafu, mguu wa kushoto ukaburuzwa kidogo, maana aliuvunja kwenye theluji akiwa kijana na haukuunga sawasawa, kisha kikaja kikohozi kimoja kikavu, kama cha mtu anayepiga hodi kwa koo. Ukigeuka, hakuna mtu. Ukumbi mtupu, taa zinawaka, basi. Zikipita dakika kumi au kumi na tano, vishindo vilevile vinarudi, na safari hii vinakuja na mwenyewe: mzee mrefu wa miaka sitini na nne, theluji mabegani, kofia ya urubani kwapani, anauliza kama kahawa ipo.

Wafanyakazi wa ofisi ile ya kupanga safari za ndege, pale uwanja wa Gardermoen nje ya Oslo, walikwisha zoea. Wanorwei wana jina la jambo hilo. Huliita vardøger, yaani mtangulizi: sauti za mtu zinazomtangulia nyumbani kabla miguu yake haijafika. Ziko koo zenye watangulizi na ziko koo ambazo hazinao, kama vile ziko zenye nywele nyekundu na ambazo hazinazo. Mwenye nao haulizwi maswali. Anawekewa kahawa.

"Mzee katuma salamu," Vegard alisema kila viliposikika, naye huinuka kwenda kuwasha mtambo wa kahawa. Vegard alikuwa na miaka thelathini na miwili, mdomo haufungi. "Mimi nampenda zaidi yule wa kwanza. Hasemi, hadai kitu, na kahawa yetu haigusi."

Aliyeketi meza ya pili, Jorunn Sletmo, hakucheka sana. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akatupa jicho kwenye saa ya ukutani, akaendelea na kazi. Kila Alhamisi alihesabu dakika kimoyomoyo mpaka Kvisle mwenyewe aingie. Akishaingia, Jorunn hushusha pumzi ambayo hakujua ameizuia. Hakuna aliyeliona hilo kwa miaka yote ishirini na miwili aliyokaa pale.

Kazi yake ilikuwa kuipa ndege njia kabla haijaondoka. Yeye ndiye aliyeamua ipite wapi, ipande kimo gani, upepo utaisukuma au utaizuia kwa kiasi gani, ibebe mafuta mangapi, na ikikuta uwanja inakokwenda umefungwa ikimbilie wapi. Mpango ukikamilika, yeye hutia sahihi na rubani hutia yake. Siku hizi marubani huupokea kwenye vibao vyao vya kielektroniki wakiwa hukohuko walipo, ila Kvisle alikataa katakata. Alitaka kusimama nyuma ya kiti cha mpangaji, aone kwa macho yake, aulize maswali mawili matatu.

"Karatasi ina uso wa mtu," alikuwa akisema. "Hicho kibao chenu kina uso wa nani?"

Jorunn alipewa safari fupi, na hasa ile ya asubuhi ya Oslo kwenda Kopenhagen. Watu hudhani safari fupi ni nyepesi. Abiria hajamaliza kikombe chake anaambiwa afunge mkanda, kumbe wameshafika. Lakini Jorunn aliziogopa fupi kuliko ndefu. Ndefu ina saa nyingi za kukusamehe makosa yako. Fupi haina.

Tuseme sasa alikotoka, maana ndiko mambo haya yalikoanzia. Alizaliwa Hadeland, kwenye shamba linaloteremka hadi ziwa la Randsfjorden, akalelewa na bibi yake Borghild na babu yake Tarjei. Babu alikuwa na mtangulizi. Jioni za baridi, bibi akiwa anafuma soksi, vilisikika viatu vikikung'uta theluji kizingitini, komeo likainuka, shoka likaegemezwa ukutani. Bibi huacha sindano zake na kuinjika birika. Maji yakianza kuchemka, babu anaingia. Nyumba nzima iliishi kwa mpango huo, na mtoto Jorunn aliuona wa kawaida kama kuchwa kwa jua.

Alipokuwa na miaka minane, alasiri moja ya Februari, viatu vilikung'uta kizingitini. Komeo likainuka. Shoka likaegemezwa.

"Babu yako huyo," bibi akasema. "Weka vikombe."

Jorunn akaweka vikombe vitatu. Maji yakachemka. Bibi akaipua birika, akairudisha, akaipua tena. Kahawa ikapoa.

"Bibi, nimwendee?"

"Kaa hapo, mwanangu. Akishatangulia, anakuja. Hajawahi kutotokea."

Wakakaa. Giza likaingia dirishani. Jirani ndiye aliyemkuta Tarjei, nyuma tu ya kilima cha zizi, hatua mia mbili kutoka mlangoni, amelaliwa na sleji, mkokoteni wa kuteleza juu ya theluji, iliyojaa magogo. Daktari alisema huenda aliishi saa mbili akiwa pale. Theluji ya upande wa mkono wake wa kulia ilikuwa imekwanguliwa hadi kwenye udongo.

Borghild hakulizungumza jambo hilo mpaka anakufa. Ila tangu siku ile, akisikia kishindo chochote mlangoni, hakunyanyuka. Alikaa ameshika sindano zake, uso umekauka kama ubao.

Jorunn alipokuwa mkubwa akachagua kazi ambayo kila anayeondoka ameandikiwa dakika ya kufika, na ambayo asipofika yuko mtu ambaye ni wajibu wake kuuliza yuko wapi. Hakuwahi kumweleza mtu sababu. Pengine hata yeye mwenyewe hakuwahi kujieleza.

Sasa ile Alhamisi. Ilikuwa katikati ya Machi. Theluji nzito na yenye maji ilianguka tangu alfajiri, ile inayobandikana na kila kitu. Jorunn aliingia zamu saa kumi na mbili, akavua buti zenye theluji, akavaa viatu vya ofisini, akafungua hali ya hewa ya Kopenhagen.

Kulikuwa shwari. Shwari mno, na hilo ndilo lililomkera. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Maji ya mlango wa bahari ulio kati ya Denmaki na Uswidi yalikuwa bado na ubaridi wa majira ya baridi, na hewa yenye unyevu ilisogea taratibu kutoka kusini. Kompyuta ilimchagulia Malmö kuwa uwanja wa akiba, yaani pa kukimbilia Kopenhagen kukifungwa, kwa sababu Malmö ni ng'ambo tu ya maji.

"Mjinga wewe," Jorunn aliiambia skrini. "Ukungu ukishuka kwenye maji yale utafunga huku na huku. Hapo utakuwa umemwokoa nani?"

Akachukua penseli na kipande cha karatasi ya hali ya hewa ya jana, akaandika nyuma yake: *Malmö hapana*. Akapiga mistari miwili chini ya maneno hayo, kwa nguvu hadi penseli ikatoboa. Kisha akaandika Gothenburg, kaskazini zaidi, mbali na hewa ile. Akajumlisha mafuta ya kufika Kopenhagen, ya kukimbilia Gothenburg, ya kungoja zamu ya kunyunyiziwa dawa ya barafu hapa nyumbani, halafu akaongeza kilo mia nane za kuzunguka angani kwa dakika ishirini endapo ukungu utakuja na kuondoka. Jumla ikawa kilo elfu sita mia mbili na arobaini.

Vegard alichungulia juu ya bega lake. "Mia nane za kuzungukia jua? Utaandikiwa barua ya mapenzi na wakubwa."

"Waandike. Barua haijawahi kumwangukia mtu kutoka angani."

"Wewe mama, ungeweza kupanga safari ya kwenda msalani ukabeba mafuta ya kurudia."

"Na wewe ungekwama hukohuko ukipiga kelele."

Wakacheka. Ilikuwa saa moja na robo. Mlango wa mwisho wa ukumbi ukalia bawaba.

Magurudumu. Mguu wa kushoto. Vegard akaanza kunyanyuka kwenda kwenye kahawa kama kawaida, kisha akabaki hivyohivyo, nusu ameketi, nusu amesimama. Siku zote vishindo vilikomea kizingitini, hapo penye kikohozi. Siku hiyo vilipita kizingiti. Vikaingia chumbani, vikazunguka meza ya Vegard, vikaja moja kwa moja hadi nyuma ya kiti cha Jorunn. Vikakoma.

Hapakuwa na kikohozi.

Jorunn alisikia harufu ya sufu iliyolowa. Ubaridi ukamgusa shingo, kama mtu amefungua dirisha nyuma yake, na dirisha la ofisi ile halifunguki. Vinyweleo vya mikono vikasimama. Akahisi kwa hakika kabisa kwamba kuna mtu anasoma kazi yake begani mwake, taratibu, mstari baada ya mstari.

Akageuka. Palikuwa na ukuta, kalenda, na kiti kitupu. Akatazama saa iliyo juu ya mlango: saa moja na dakika kumi na saba.

"Leo kaingia mpaka ndani," Vegard akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha.

"Weka kahawa," Jorunn akamwambia.

Akaichapa mipango yake yote, akakunjakunja kile kikaratasi cha penseli akakitupa kapuni. Kazi ilikwisha, imebaki sahihi. Akakaa akitazama saa. Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Mtambo wa kahawa ukanguruma, ukatema, ukanyamaza.

"Ni theluji," Vegard akasema. "Barabara ya kutoka kwake Hurdal lazima imeziba."

"Hachelewi."

"Leo anachelewa."

Saa moja na dakika thelathini na tano Jorunn akampigia simu. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Akamwuliza rubani msaidizi, ambaye alikuwa ameshafika kwenye ndege. Naye akasema hajamwona Kapteni, alidhani yuko ofisini kwa Jorunn anakunywa kahawa kama kawaida yake.

Jorunn akaweka simu mezani. Alisikia ndani ya kichwa chake birika ikichemka, na sauti ya mwanamke ikisema kaa hapo. Akasimama.

"Unakwenda wapi?" Vegard akauliza. "Mpango haujasainiwa. Ndege inaondoka saa tatu kasoro dakika kumi!"

"Mwamshe kapteni wa akiba, aje. Kisha piga simu gari la wagonjwa, waelekeze maegesho ya wafanyakazi."

"Niwaambie nini?"

"Mtu ameanguka."

"Umemwona?"

"Bado."

"Jorunn." Vegard alikuwa amekwisha simama, macho yamemtoka. "Niwaambie tumesikia viatu?"

"Waambie utakavyo! Lakini wapigie."

Akatoka bila koti. Ukumbini alipita mbio mahali ambapo sakafu ilikuwa kavu kabisa, haina hata tone la maji la kiatu cha mtu, jambo aliloliona na kulipita bila kulitafakari. Akashuka ngazi, akasukuma mlango wa nje, theluji ikampiga usoni.

Maegesho yalikuwa na magari kama mia mbili, yote meupe, yote sawa, kama makaburi ya askari. Gari la Kvisle lilikuwa la kijani. Hapakuwa na kijani popote. Jorunn akasimama katikati ya safu, viatu vyake vya ofisini vimezama, akaita, "Audun! Audun!" Theluji inameza sauti. Ilikuwa kama kuitia ndani ya mto wa kulalia.

Akajilazimisha kufikiri kama mpangaji. Gari lililolala hapa usiku kucha lina theluji juu ya boneti. Lililofika sasa hivi lina injini ya moto. Akaanza kukimbia akitazama maboneti tu, nyeupe, nyeupe, nyeupe, mpaka mwisho wa safu ya nne, karibu na uzio, akaona boneti moja inayotoka mvuke, rangi ya kijani imechungulia katikati kama kitobo kwenye barafu. Vifuta vioo vilikuwa bado vinakwenda, kulia, kushoto, kulia, kushoto, vikisafisha kioo kwa ajili ya mtu asiyetazama.

Kvisle alikuwa kwenye usukani, kichwa kimelala dirishani, uso wa rangi ya majivu. Kofia iko kwenye kiti cha pili. Begi liko nyuma, halijaguswa.

Mlango haukufungwa. Alipoufungua mzee alimwangukia mikononi, mzito kama gunia lililolowa. Alikuwa anapumua, kwa shida, kwa mkwaruzo. Jorunn alimlaza kwenye theluji, akamlegeza tai, akamwita jina. Pumzi moja ikaja. Nyingine ikaja. Ya tatu haikuja. Hapo Jorunn akapiga magoti, akafungamanisha mikono, akaanza kukandamiza kifua kama walivyofundishwa kila mwaka kwa mdoli wa mpira, akihesabu kwa sauti, akilia, akihesabu. Hakujua amehesabu mara ngapi. Mikono mingine ilipomshika mabega na kumwondoa kwa upole, alikuwa bado anataja namba.

Wauguzi walimpiga umeme mara mbili palepale kwenye theluji. Mara ya pili mmoja wao akasema, "Tunaye."

Jorunn alirudi ofisini magoti yamelowa na nywele zimeganda. Vegard alikuwa amekaa mezani kwake, mweupe kama karatasi.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Hai?"

"Walipoondoka naye, ndiyo."

Vegard akafunika uso kwa viganja. "Niliwapigia ulipotoka tu mlangoni. Nilisema namwona kupitia dirisha, amelala chini." Akacheka kicheko kidogo kisicho na furaha. "Dirisha letu halioni hata hayo maegesho."

Kapteni wa akiba alifika saa mbili na nusu, akausoma mpango, akauliza kwa nini Gothenburg, akajibiwa, akatia sahihi. Jorunn naye akatia yake, jina likasomeka kama la mtu mwingine. Ndege iliondoka ikiwa imechelewa dakika hamsini. Kopenhagen kulikuwa na jua kutwa nzima. Ukungu haukuja. Zile kilo mia nane zilikwenda na kurudi bure, na baada ya siku tatu kweli barua ilitoka kwa wakubwa, fupi na ya adabu, ikiuliza sababu. Jorunn aliijibu kwa mistari miwili. Ni mara ya kwanza Vegard hakumtania.

Daktari alisema moyo ulisimama mikononi mwa Jorunn, haukusimama kabla. Kamera ya lango la maegesho ilionyesha gari la kijani likiingia saa moja na dakika nane. Angekaa pale robo saa zaidi, asingekuwa na la kufanyiwa.

Wiki tano baadaye, Jumapili mchana, Jorunn alikwenda kumtazama nyumbani kwake Hurdal. Kvisle alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya mbao inayotazama ziwa. Barafu ilikuwa inapasuka, kila baada ya muda inatoa mlio mrefu kama waya unaovutwa. Mzee alikuwa amekonda. Alikwisha ambiwa kwamba hataruka tena. Alioka mwenyewe keki nyembamba za kubanwa kwenye chuma cha moto, akaziweka mezani na jibini la kahawia, akakataa kusaidiwa.

Walizungumza kuhusu vidonge, kuhusu bomba lililoganda, kuhusu binti yake aliye Trondheim. Kisha Kvisle akawa anazungusha kikombe kwenye sahani.

"Nikuulize jambo, usinione nimechanganyikiwa."

"Uliza."

"Asubuhi ile, kwa nini uliikataa Malmö?"

Jorunn akaweka keki chini. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona. Uliandika kwa penseli, Malmö hapana, ukapiga mistari miwili, wa pili ukatoboa karatasi. Nikasema moyoni, safi, msichana ana akili, ukungu wa pale unafunga kote. Kisha nikasoma jumla yako. Elfu sita mia mbili na arobaini. Nikaona umeongeza kidogo. Nilitaka nikutanie."

Barafu ikalia ziwani. Kile kikaratasi Jorunn alikitupa kabla hajatoka, na kapu lilimwagwa jioni ileile. Hata Vegard aliyechungulia aliziona zile mia nane tu, maneno ya Malmö hakuyasoma.

"Audun, ulikuwa ndani ya gari."

"Najua nilikuwa wapi. Nimeambiwa na kila mtu." Alizungumza taratibu, kama anayetua na ndege bila kuona ardhi. "Lakini mimi nakumbuka nimepanda ngazi. Nakumbuka ule mlango. Nilistaajabu mguu hauniumi. Nikaja nikasimama nyuma yako, nikasoma, nikakuita. Ukageuka."

"Niligeuka. Sikuona mtu."

"Ulinitazama usoni, Jorunn. Karibu hivi tulivyokaa. Nikatabasamu. Halafu macho yako yakapita katikati yangu, yakaenda kwenye saa." Akasukuma kikombe kando. "Mpaka hapo sikuwa na hofu yoyote. Ulipotazama saa ndipo nilipoogopa."

Jorunn alihisi ubaridi ule ule shingoni, mchana kweupe, jiko linawaka.

"Ukafanya nini?"

"Nilihisi nimesahau kitu kule garini. Unajua ule wasiwasi, unajipapasa mifuko, funguo zipo, kofia ipo, lakini unajua kuna kitu kikubwa umekiacha nyuma? Nikageuka kukifuata." Akatazama mikono yake mikubwa iliyo juu ya meza, akaifumba na kuifumbua. "Sikumbuki zaidi. Nakumbuka baridi, na wewe unahesabu."

Kvisle akamwongezea kahawa.

"Niambie kweli," akasema. "Je, bado nakuja?"

Jorunn alikuwa amelisubiri swali hilo tangu alipoegesha gari. Akamtazama yule mzee, shati limemwia kubwa, vidonge vimepangwa dirishani kwa siku.

"Hapana," akasema. "Kumenyamaza."

Kvisle akatikisa kichwa kukubali. Haikujulikana kama amefurahi.

Ukweli ni kwamba anakuja. Alhamisi iliyofuata ile siku, mwenyewe akiwa hospitali amefungwa mirija, mlango wa ukumbi ulilia bawaba saa moja na robo, magurudumu yakaja, mguu ukaburuzwa. Na Alhamisi iliyofuata, na zote baada yake. Vegard alivumilia mara nne, kisha akaomba kuhamishiwa zamu za jioni, na alipoulizwa sababu akasema anataka kulala asubuhi. Kijana huyo mpaka leo akipita ukumbi ule hupita katikati, hagusi ukuta.

Jorunn hakuhama. Wenzake walimshangaa, wengine wakasema ana roho ngumu, lakini yeye alijua kwamba akiondoka atakaa mtu mwingine kwenye kiti kile, ageuke, na macho yake yatapita. Hilo hakutaka limpate mzee mara ya pili. Kwa hiyo kila Alhamisi hukaa mezani kwake, hupanga safari ya Kopenhagen kwa penseli kwanza, na kuacha karatasi wazi mahali panaposomeka na mtu aliyesimama nyuma.

Vishindo hufika. Vikikoma nyuma ya kiti, Jorunn hageuki, wala hatazami saa. Husubiri kidogo, kwa muda wa mtu kusoma ukurasa mmoja. Kisha husema kwa sauti ya chini, ile ya kumwambia mtu wa nyumbani, "Kila kitu kiko sawa, Audun. Rudi nyumbani sasa, nakupigia simu."

Halafu humpigia simu Hurdal. Simu ikiita, yeye hushika ukingo wa meza. Mara nyingi mzee huipokea inapoita mara ya tatu, sauti nzito, ya mtu aliyekuwa amesinzia kitini na kuamshwa kutoka mbali, na wakati huohuo ubaridi hutoka shingoni mwa Jorunn, mguu ukajiburuza, mlango ukalia. Siku nyingine simu huita sana. Siku hizo Jorunn haikati. Hukaa hivyo, simu sikioni, sufu iliyolowa ikinuka nyuma yake, naye anamsomea mtu asiyemwona hali ya hewa ya Kopenhagen, pole pole, upepo, mawingu, umbali wa kuona, mpaka huko Hurdal mzee apokee.